Pikipiki ya porini: mtumba wa Mjapani au mpya ya dukani? (Nilipigwa mara moja, njooni mjifunze bure)

MzeeWaMilingoti

Wakuu habari za jioni. Nyuzi za boda humu zimejaa, Boxer sijui TVS, lakini sisi wa kwenye matope hatuna hata uzi mmoja wa kueleweka kwa hiyo leo acha niuanzishe mwenyewe.

Mimi nipo Mufindi, riziki yangu ni miti. Nanunua vishamba vya paini na milingoti kwa wananchi, nakata mbao na nguzo. Kazi hii huwezi kutoa hela kabla hujaingia shambani kuhesabu, na shamba halipo barabarani mkuu, lipo bondeni nyuma ya bonde lingine, na kuanzia Desemba mpaka Aprili ule udongo mwekundu unakuwa sabuni. Gari haifiki. Boda ya kawaida inafika ila ni wewe ndio unakuwa umeibeba.

2016 nikajichanga nikanunua mpya dukani. Sio enduro (pikipiki ya mashindano ya porini) ya kweli, ni zile zenye sura ya enduro, madigadi ya mbele imepaa juu, tairi za vipira vikubwa, stika za miali ya moto ubavuni. Jina nalihifadhi. Mil 2.6 pamoja na usajili. Siku natoka nayo nilijiona nipo kwenye mashindano ya jangwani ya Dakar. Mwezi wa nne foko zikaanza kuvuja, wa sita spoku za nyuma zinakatika mbili tatu kila wiki, wa tisa nikaona ufa pale kwenye uchomeleaji chini ya tenki, nikachomelea, ukatokea mwingine pembeni yake. Ndio nikashtuka kwamba upori wote uliishia kwenye madigadi, huku chini shokapu na foko ni zilezile za boda ya lami. Nikamuuzia kijana wa boda pale mjini kwa mil 1.1 na ninavyosikia ilimdumu vizuri tu, maana yeye hakuwa anatoka kwenye lami. Mil moja na nusu ikayeyuka ndani ya mwaka, na hapo bado sijahesabu spea.

Nikageukia mtumba wa Mjapani, na hapa ndipo nilipopigwa sasa.

Yamaha DT125, ile ya zamani ya tustroki. Kwa wasioijua, tustroki oili yake inaungua pamoja na petroli, bila hiyo oili pistoni inasuguana kavu. Yamaha waliweka kitenki kidogo cha oili pembeni na pampu inayochanganya yenyewe, wakaiita Autolube, kwa hiyo wewe unaweka petroli tupu kwenye tenki kubwa, oili kwenye kile kidogo, basi unaendesha. Nilimfuata muuzaji Makambako. Nimefika nakuta imeshawashwa inanguruma uani, rangi mpya, tenki linang'aa unajiona uso, kitenki cha oili kimejaa mpaka shingoni. Nikaizima nikapiga kiki moja ikaitika. Mil 1.9 nikahesabu, nikajaza petroli pale Makambako, huyoo narudi Mafinga.

Sijafika Nyololo. Mlio ulianza kubadilika, ukawa mwembamba kama mbu sikioni, nikadhani ni upepo. Halafu ikawa kama kuna mtu ananivuta kwa nyuma, nikaongeza moto, na hapo ndio tairi la nyuma likajifunga palepale kwenye lami, alama nyeusi kama mita kumi na tano, bahati nikakumbuka kushika klachi. Nyuma yangu kulikuwa na lori la Zambia. Dereva alipita ananitukana kwa lugha ambayo siijui na nilimwelewa vizuri kabisa.

Fundi wa Mafinga alifungua kifuniko akacheka. Pampu haipo. Mahali pake kuna kipande cha bati kimekatwa na mkasi kikapakwa gundi ya gasketi, kazi safi ya mtu anayejua anachofanya. Mmiliki wa zamani alishaing'oa, akawa anachanganya oili kwa mkono kwenye tenki kubwa, nusu lita kwa lita ishirini, na pikipiki ikaenda miaka. Kile kitenki kilichojaa kilikuwa pambo. Muuzaji nikampigia akaniambia "kwani uliuliza?" Kweli sikuuliza. Kuboa (kupanua) silinda, pistoni ya oversaizi kuletwa kutoka Dar, ringi, kazi ya fundi, laki nne na ishirini na wiki tatu natembea kwa miguu.

Ya tatu ndio ninayo mpaka leo, Honda XL125, fostroki (hii oili yake inakaa chini ya injini, haichanganywi na petroli), nilinunua 2018 kwa mzee mstaafu wa kilimo, mil 2.2. Ukiiona utanicheka, tenki limebonyea, siti imeshonwa na turubai, taa ya nyuma imefungwa na waya. Lakini mzee alipotaka hela alinitolea kaunta buku. Kila alipomwaga oili kaandika tarehe na kilomita, kila alipobadilisha cheni, hadi siku aliyozama nayo mtoni kaandika "leo maji yaliingia, nimemwaga oili mara mbili". Sikupunguza hata mia. Tangu siku hiyo mimi rangi ya pikipiki siiangalii tena.

Haya, msimamo wangu: kwa kazi ya porini mtumba wa Mjapani unaishinda mpya ya bei hiyohiyo, ila ununue umeshaipekua na umebakiza robo ya hela mfukoni ya kuitengeneza. Wanaobisha karibuni, na wenye mbinu za kukagua wazimwage hapa.

PilipiliHoho

Nipo pale nimekaa na kahawa. Weka picha ya hiyo siti ya turubai mkuu

Kijana_wa_Kahama

Mzee nakuheshimu ila hapa umewaonea Wachina. Mimi nafanya kazi machimboni, natembea na ya Kichina mwaka wa nne, injini yake ni ile ya fimbo (valvu zinasukumwa na fimbo ndefu), nakala ya Honda CG125 ambayo Honda wenyewe waliitoa miaka ya sabini kwa ajili ya nchi kama zetu ambako watu wanasahau kumwaga oili. Ikiharibika nasimama kijiji chochote, duka lenye sabuni na chumvi lina na plagi yangu, lina klachi pleti, lina kabureta nzima. Wewe XL yako ikikatika kitu kule bondeni unasubiri basi la kutoka Kariakoo. Mtumba wa Mjapani ni mzuri kwa mtu mwenye pikipiki mbili, hii ya kuendesha na ile ya kusubiria spea.

Halafu hiyo ya 2016 uliyonunua ulikosea mwenyewe, ulinunua sura.

MzeeWaMilingoti

Hilo la sura nimekubali kabla hujasema. Na la spea una hoja. Mimi kila nikienda Dar napita Kariakoo nabeba vya miezi sita, ringi, kebo ya klachi, plagi mbili, mpira wa kabureta, na bado kuna siku nilikwama wiki nzima kwa ajili ya kebo ya spidomita... hapana, ya breki, ya spidomita ilishakatika zamani sikuirudisha.

Ila mkuu injini sina ugomvi nayo, injini ya fimbo ni ngumu kweli. Tatizo langu ni chasisi na foko. Machimboni kwenu kuna mawe na vumbi ila ni tambarare. Njoo Kibengu huku kwetu mwezi wa tatu na gunia mbili nyuma uteremke.

Fundi_Kihonda

(Jina ni la mtaa jamani, Kihonda ya Morogoro, msije mkaniletea zote za Honda.)

Nimesoma nimecheka hadi nimelia, hilo la pampu nimekutana nalo mara ambazo sizihesabu. Acha nimwage ninavyokagua mimi mteja akiniita nimsindikize, maana watu wanakagua pikipiki ya porini kama wanakagua ya mjini, taa inawaka, honi inalia, wanalipa.

Kabla ya yote mpigie muuzaji simu siku moja kabla umwambie asiiwashe mpaka ufike. Ukifika kabla hata ya salamu weka kiganja kwenye silinda. Ikiwa ya moto ujue kuna kitu ameficha, mara nyingi inasumbua kuwaka ikiwa ya baridi, ringi zimeisha au valvu hazikai. Mwambie utakunywa chai kwanza. Kaa saa nzima, mimi huwa nakaa kweli, nakunywa na ya pili.

Imepoa? Sasa usiiwashe bado. Fungua eya klina. Hapa ndipo pikipiki ya porini inaposema ukweli na wengi hawapagusi kabisa. Toa sponji, halafu ingiza kidole kule NDANI, upande wa pili wa sponji, kwenye ule mpira unaoelekea kabureta. Kidole kikitoka kisafi au kina mafuta kidogo, sawa. Kikitoka na vumbi, mkuu, hilo vumbi limekuwa likiingia kwenye silinda kama msasa, hiyo injini ni ya kuboa hata kama leo inawaka kiki moja. Wengine unakuta sponji ya asili ilishaoza wameweka kipande cha godoro. Godoro linapitisha vumbi kama mlango wazi.

Halafu inua mbele, weka kreti ya soda chini ya injini, gurudumu la mbele lielee. Geuza usukani taratibu kushoto kulia. Ukisikia katikati pananasa kama kuna kishimo, beringi za usukani zimekufa, ameruka nayo huyo. Shika foko chini uvute mbele na nyuma, zisicheze. Nenda nyuma, shika tairi ulisukume kulia kushoto, ikicheza bushi za swingamu (ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma) hakuna. Zile za shoki moja katikati kama XR, inua nyuma kwa mkono taratibu kabisa, ukisikia "tk" kabla shoki haijaanza kukaza ni vile viungo vya chini vimekula, na beringi zake ni hela.

Spoku zigonge na spana ndogo moja moja, zilie. Inayolia "tii" imekaza, inayolia "du" imelegea, na zikilia tofauti tofauti rimu nzima ilishaumia. Meno ya spoketi yakiwa yamelala upande mmoja kama pezi la papa, cheni na spoketi zote hesabu mpya, usibadilishe moja ukaacha nyingine.

Fremu sasa. Pitisha ukucha, narudia UKUCHA sio jicho, kwenye maungio ya shingo na pale vikanyagio vinapokaa. Rangi inaficha jicho. Na fremu iliyopakwa rangi mpya wakati injini imeachwa na kutu yake, jiulize kwa nini alijali bomba akaacha moyo.

Mwisho washa. Fostroki ikitoa moshi wa bluu ukiongeza moto ni ringi, ukiachia ghafla wakati wa kushuka ndio inatoa basi ni sili za valvu, hiyo sio mbaya sana. Tustroki moshi ni kawaida yake ikiwa ya baridi, ukimwona tustroki haitoi moshi KABISA ndio uogope, muulize mzee wa milingoti.

PilipiliHoho

"Haitoi moshi kabisa ndio uogope" 😂😂 nimeiandika ukutani

Mwas_wa_Nanyuki

Sasa wasee, mimi ni jirani kutoka Kenya, hii uzi ni moto. Huku kwetu ni the same, nduthi mpya za Mchina na Mhindi kila mahali lakini wale wa shamba bado wanatafuta DT na XL kama dawa. Niongeze kitu moja kwa hiyo ya Fundi: ile ya kusimama juu ya kiki kuona kama kompresheni iko, watu hufanya hiyo na ikishuka haraka wanakataa bike. Si kila bike. Kuna zile ziko na dikompresa ya kujifungua, inaachia kompresheni ukipiga kiki, kiki inakuwa laini hata injini ikiwa mpya, ukikataa kwa sababu ya hiyo umeacha mali. Nilifanyiwa hivyo nikiwa nauza, jamaa akaruka juu ya kiki, ikaenda chini, akasema "injini imekufa" akaenda zake. Wa pili alinunua saa hiyo hiyo.

Na kabla ya kulipa huku tunafanya search ya NTSA (mamlaka ya usafiri) kwa mtandao wa serikali, eCitizen, jina kwa logbook (kadi ya umiliki) lifanane na ya mtu amesimama mbele yako. Akisema logbook iko kwa shemeji, wewe pia enda kwa shemeji yako.

Fundi_Kihonda

@Mwas umenirekebisha vizuri kaka, kweli za dikompresa kiki sio kipimo. Hizo mimi nafunga mashine ya kupimia palepale kwenye tundu la plagi, ila mteja wa kawaida hana, ndio maana nasisitiza kidole kwenye mpira wa kabureta. Kidole kila mtu anacho.

Bwana_Mnada

Naongeza upande wa karatasi maana mmeongea nondo tu. Pikipiki nyingi nzuri za porini hapa Tanzania zilikuja na miradi na serikali, zile namba za DFP, STK na kadhalika, na mlango wake wa halali wa kutokea ni mnada. Hazina rangi ya kudanganya, zinauzwa zilivyo, zingine haziwaki kabisa. Uzuri wake ziliendeshwa na watu waliokuwa na dereva na fundi wa ofisi. Ubaya wake ziliendeshwa na watu ambao hawakuinunua, mtu wa hivyo haoni shimo.

Mimi kosa langu halikuwa mnadani. Nilinunua kwa mtu aliyenunua kwa mtu aliyenunua mnadani. XL185 kali, umeme wake ule wa volti 6 lakini injini tamu. Nikafika TRA kubadilisha umiliki, naambiwa chombo hiki kiliingia nchini kwa msamaha wa kodi, mradi ulisamehewa, wewe hukusamehewa. Kwenye makaratasi yangu hakuna pa kuonyesha kwamba kodi ilishalipwa ilipotoka mradini. Yule wa katikati alishahama mkoa. Nikaanza kufuatilia stakabadhi za mnada wa miaka sita nyuma, miezi mitano naenda narudi, pikipiki imekaa ndani kama kabati.

Kwa hiyo ukinunua iliyowahi kuwa ya mradi, dai hati ya mnada na risiti za kodi pamoja na kadi. Kadi peke yake haitoshi. Mkataba wa mauziano mwandikishane kwa mwanasheria, mpige picha ya kitambulisho chake na namba ya chasisi ilivyo kwenye shingo ya fremu, sio ilivyo kwenye kadi, kwenye FREMU. Ushuru wa stempu ni asilimia moja ya thamani, msijidanganye kuandika bei ya kuku kwenye mkataba, siku ya ugomvi hiyo bei ya kuku ndio utakayorudishiwa. Na faini za trafiki uziangalie kwenye mfumo kwa namba ya usajili kabla hujalipa, usije ukarithi spidi za mwenzio.

Kijana_wa_Kahama

Hapa sasa ndio nasema tena, mpya unatoka na kadi yenye jina lako siku hiyohiyo. Miezi mitano mkuu? Mimi miezi mitano nimeshalipia pikipiki nyingine.

Bwana_Mnada

Sikubishii. Ila miezi mitano ile niliilipa mara moja, XL185 ninayo mwaka wa saba.

MotoBukavu

Jambo ba ndugu. Miye niko Bukavu, huku tunaita moto tu. AG100 ya Yamaha ilikuwa moto ya ma-ONG (mashirika ya misaada) na ya mapadri, iko na sanduku ya kufunika cheni yote, matope haiingie, ndiyo sababu zingine zingali zinatembea. Mukikuta AG yenye ile sanduku ya cheni imetoshwa (imeondolewa), muulize sababu gani walitosha.

MzeeWaMilingoti

Asante ndugu, AG100 ile ya sanduku la cheni namfahamu padri mmoja anayo, cheni hajabadilisha tangu nimjue, naapa.

Msafiri_wa_Kimara

Kwa wa mjini wenye hela kidogo zaidi tusisahau zile zinazoletwa moja kwa moja kutoka Japani, Serow, Djebel, Baja. Hiyo Honda Baja ya mataa mawili makubwa ndio pikipiki nzuri kuliko zote duniani na sitaki mjadala. Jina ni la kule Baja California, Mexico, kuna mashindano ya jangwani tangu 1967. Mimi nilinunua ya kwangu hapahapa Dar, ilikuwa imekaa godauni. Angalizo moja, Mjapani wa soko lake la ndani hatumii ile namba ndefu ya tarakimu 17, namba ya fremu ni fupi, XR250, ndugu wa Baja, inaanza na MD30 halafu kistari halafu namba. Kuna ofisa aliwahi kuniambia namba yangu imekatwa. Nikampeleka kwenye fremu akaona ilivyogongwa na kiwanda ndio akanielewa. Na anayenunua aangalie hapohapo, ukikuta fremu ya Mjapani ina namba iliyogongwa kwa mkono, herufi zinapanda na kushuka kama meno ya mtoto, ondoka bila kuaga.

Iliyokaa muda mrefu nayo ina mambo yake, kabureta imeganda petroli ya zamani imekuwa gundi, tenki lina kutu ndani, tairi zina meno yote lakini zimekauka zinapasuka kwenye kona. Kilomita chache sio afya.

DaktariWaNgombe

Shikamoo mzee wa milingoti na wakubwa wote. Mimi ni dada yenu nipo Njombe, sio daktari hasa, ni mtaalamu wa mifugo, nazunguka kupandisha ng'ombe kwa chupa kwa wafugaji wa maziwa. Nabeba mtungi wa naitrojeni mgongoni mwa pikipiki na ule mtungi ukianguka ni msiba, mbegu zote zinakufa. Sasa natumia ya kuazima na mwenyewe ameanza kuitaka.

Kuna mtu ananiuzia DT125 mil 1.8, anasema iko vizuri sana, "kama mpya". Mimi mfupi, hapa ndio shida ya kwanza, hizi pikipiki nikikaa miguu inaning'inia. Ya pili ndio nimesoma hii ya pampu nikaingiwa na baridi. Jumamosi naenda kuiona. Mnanishauri nini?

Msafiri_wa_Kimara

Dada ukipata Serow chukua Serow, Yamaha waliitengeneza siti ya chini makusudi ili mtu aweze kukanyaga chini kwenye miamba. Ila kwa mil 1.8 hutaipata, nisikudanganye.

Fundi_Kihonda

Dada urefu unarekebishika, siti inachongwa sponji, foko zinapandishwa kidogo kwenye kishikio, nimeshawafanyia wengi. Usichukue ya kuchongwa tayari lakini, wengine wanakata springi na grainda.

Kuhusu mtungi, ukitaka usianguke angalia kwanza keria. Keria nyingi za mtumba zimechomelewa upya, tikisa.

Jumamosi nenda na kidole na kreti ya soda.

MzeeWaMilingoti

Marahaba mwanangu. Tustroki kwa kazi yako mimi ningesita, kila wiki oili ya kununua na ukisahau siku moja ni yale yangu ya Nyololo. Lakini nenda kaione, kuona hakulipiwi. Mwambie asiiwashe. Fika asubuhi mapema. Na muulize kuhusu pampu ya oili, usiangalie kitenki, kitenki hakina habari yoyote.

Ukienda usibebe hela. Hela ikiwa mfukoni macho yanaona rangi tu.

DaktariWaNgombe

Nimerudi wakubwa.

Nilimwambia tangu Ijumaa asiiwashe. Nimefika saa moja kamili asubuhi, mnaijua Njombe ya mwezi huu, nyasi nyeupe. Nikaweka kiganja kwenye silinda kabla hajatoka ndani. Ya moto, naweza kukandia mtoto. Akatoka anapangusa mikono anasema "nilikuwa naipasha dada, si unaona baridi". Nikamwambia sawa, nikaomba chai. Akashangaa ila mkewe akaleta, na viazi, mama mzuri sana yule nilimwonea huruma.

Tumekaa saa nzima tunaongelea ng'ombe wake, ana mtamba mmoja hashiki mimba, nikamwangalizia bure. Halafu nikafungua eya klina kwa spana yake mwenyewe. Ndani kuna kipande cha godoro, la bluu lenye maua. Nikaingiza kidole kule nyuma kilitoka na kitu kama uji wa ulezi. Nikakiangalia, na yeye akakiangalia. Akasema "hilo ni vumbi la juzi tu".

Kiki ya baridi ilichukua kumi na saba, nimehesabu. Nikamshukuru nikaondoka. Jioni hii kapiga simu ameshuka mpaka mil 1.2 anasema anauza kwa sababu ya ada ya shule.

Kijana_wa_Kahama

Dada kwa 1.2 chukua, laki tano boa silinda, bado unamshinda mpya.

Fundi_Kihonda

Kwa 1.2 inaongeleka, sio mbaya, ukinipa mimi injini naifungua yote lakini, krenki na beringi zake zishakula hilo vumbi pia, usihesabu pistoni peke yake. Weka laki saba sio tano.

MzeeWaMilingoti

Na pampu? Uliuliza?

DaktariWaNgombe

Niliuliza mzee. Akaniambia "pampu ya nini tena dada, hii haitumii maji".